Usipoziba Ufa

Wenye viwanda wengi hunung'unika kwamba sheria za mazingira huwanyima watu kazi. Haya, ndugu msomaji, na tutazame Owino Uhuru, hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kiliwapa watu kazi, lakini kikatia sumu watoto wa majirani. Kilifungwa mwaka 2014, na kazi zikapotea vile vile. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaukubali uamuzi huo. Serikali nayo imo katika wadaiwa. Sheria ya 1999 ilitaka madhara yapimwe kwanza. Ufa haukuzibwa, ukuta sasa tutaujenga kwa kodi zetu. Riziki ya mmoja isiwe maradhi ya jirani yake.