Urefu Upungue, Uthabiti Usipungue

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mjini Unguja mwaka 1883, iliporomoka, na tangu siku hiyo kila mwenye picha safi ya nguzo zake, baraza zake na nakshi za milango yake ana amana ambayo mali haiwezi kuinunua tena. Naitaja habari hiyo katika makala inayohusu kifaa kidogo kama tripodi, stendi ya miguu mitatu ichukuayo kamera, kwa kuwa siijui hoja iliyo bora kuliko hiyo ya kumwambia kijana azungukaye mwambao na kamera begani kwamba mkono wa binadamu, hata ukiwa hodari namna gani, haukuumbwa kutulia kwa muda ambao kazi ya namna hii huutaka.

Chukua msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa cha Unguja, ambao mihirabu yake ina maandishi ya Kikufi yenye kutaja mwaka 500 wa Hijria, ndio 1107 Miladia. Mpiga picha atakaye kila herufi ya jiwe lile isomeke na vizazi vijavyo hana budi kulibana tundu la lenzi yake mpaka f/8 au f/11, ili jiwe lote liwe bayana, na kuishusha kamera mpaka ISO 100, ili picha isiwe na chengachenga. Na akiisha kufanya hivyo ndani ya nyumba yenye nuru haba, kamera humdai sekunde 2, au 4, au 8 za utulivu kamili. Hapana pumzi iliyozuiwa wala kiwiko kilichobanwa ubavuni kiwezacho kulipa deni hilo.

Nasikia wasemao kwamba kamera za siku hizi zina mitambo ndani yake ya kutuliza mtikisiko wa mkono, na kwamba simu nazo huchukua picha nyingi kwa mpigo zikaziunganisha kuwa moja. Neno hilo ni la kweli, na katika arusi, sokoni na kwenye mashindano ya ngalawa neema hiyo naikubali kwa mikono miwili. Walakini mtambo huo huponya mtikisiko wa sehemu ya sekunde, au wa sekunde moja kwa mwenye mkono mtulivu, ilhali sekunde 8 zi mbali na uwezo wake. Na simu, katika jitihada yake ya kuisafisha picha ya gizani, aghalabu hulainisha chembe ndogo ndogo ambazo ndizo hasa mtafiti wa kesho atakazozitafuta. Wapiga picha wa kale wa mji wa Unguja, kama wale wa ukoo wa Gomes katika karne ya 19, walifanya kazi kwa mabamba ya kioo na kamera nzito zisizoshikika mkononi, na kwao tripodi ilikuwa sharti la kazi. Kwetu imekuwa hiari, na kwa sababu ya hiari hiyo wengi huiacha nyumbani.

Na huachwa nyumbani kwa ajili ya uzito. Tripodi kamili ya chumba cha picha, pamoja na kichwa chake, yaweza kufika kilo 3 na urefu wa sentimita 70 ikiwa imekunjwa. Nani atapanda nayo daladala iliyojaa, au ashuke nayo mashuani majini akielekea Kilwa Kisiwani? Ndipo watengenezaji walipobuni tripodi za safari, ambazo nyingi hukunja miguu yake kinyumenyume ikakizunguka kichwa, mzigo wote ukawa wa sentimita 40 hivi na kilo moja na nusu. Gitzo, kampuni iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1917, ilileta miguu ya nyuzi za kaboni mwaka 1994, na uzito ukapungua. Na mwaka 2019 Peak Design ya San Francisco ikatoa tripodi ambayo miguu yake haikuwa mabomba ya mviringo, ili ikikunjwa pasibaki nafasi tupu baina yao, nayo ya kaboni ikawa na kilo 1.27 na urefu wa sentimita 39 inapofungwa. Hesabu ya kupendeza hii! Lakini itazame na hesabu yake ya pili: ikisimama kwa miguu mitatu peke yake, hufika sentimita 130; na ile sentimita 152 inayotangazwa haipatikani ila kwa kuinua nguzo ya kati.

Hapo ndipo nilipo na rai yangu, nami naishikilia. Msafiri lazima apoteze kitu, kwa kuwa wepesi haupatikani bure. Basi na apoteze urefu, wala asipoteze uthabiti. Nguzo ya kati iliyoinuliwa ni mguu mmoja uliosimamishwa juu ya miguu mitatu, na kamera iliyo juu yake hutikiswa na upepo wa bahari, na kishindo cha pikipiki ipitayo uchochoroni, na hata kwa kidole chenyewe kibonyezacho kitufe. Muuzaji husifu urefu kwa sababu urefu huonekana dukani. Uthabiti hauonekani mpaka picha ikuzwe.

Tena urefu huo hauna faida kubwa kama idhaniwavyo. Mwenye kuupiga picha mlango wa Kizanzibari na kutaka miimo yake isimame wima bila kuegemeana, hufanya vema kuiweka lenzi karibu na nusu ya kimo cha mlango, na nusu hiyo aghalabu haizidi kifua cha mtu mzima. Sentimita 130, pamoja na kichwa na kamera juu yake, zamtosha. Mihirabu ya misikiti ya kale nayo si mirefu. Atakayepungukiwa ni yule atakaye kupiga picha juu ya vichwa vya umati, na huyo, kwa hakika, hakuja mjini kwa kazi ya sekunde 8.

Kuna jambo la pili lifanyalo uthabiti upotee kwa siri, nalo ni wingi wa pingili. Mguu wenye pingili tano hukunjika ukawa mfupi kuliko wenye nne, lakini kila pingili lazima iingie ndani ya mwenziwe, hivyo kila moja hupungua unene kwa milimita 3 au 4 hivi, na ile ya mwisho, ambayo ndiyo ikanyagayo ardhi, huwa nyembamba mno. Ugumu wa bomba huongezeka kwa kadiri ya unene wake uliozidishwa kwa nafsi yake mara tatu, maadamu ukuta wa bomba ni ule ule. Ndiyo maana bomba la milimita 28 lina ugumu uliokaribia mara 2 ya ule wa bomba la milimita 22, ijapokuwa kwa macho tofauti yao ni ndogo. Kwa hiyo nashauri pingili nne, zenye bomba la juu lisilopungua milimita 25, na ile nyembamba ya chini isifunguliwe ila kwa dharura.

Baina ya alumini na kaboni sina maneno mengi. Kaboni ni nyepesi na hutuliza mtetemo upesi zaidi. Alumini ni ya bei nafuu na hustahimili kugongwa. Mwenye fedha kidogo asione haya kununua alumini nzuri, kwa kuwa ni bora kuliko kaboni dhaifu, ila akumbuke, akiisha kufanya kazi pwani, kuvifungua vifungo vya miguu na kuviosha kwa maji baridi, kwani chumvi na mchanga haviheshimu bei.

Sasa nije kwenye kichwa, ambacho wengi hukipokea kama kilivyo ndani ya sanduku bila kukiuliza swali, na hali ndicho kishikacho kamera. Kichwa chenye tufe ni kitu cha busara: tufe moja la chuma au alumini ndani ya kikombe, na kifundo cha kulibana, nayo kamera huelekea upande wowote kwa mkono mmoja. Ubora wake wote umo katika namna tufe linavyobanwa. Katika vichwa hafifu utaielekeza lenzi kwenye herufi uitakayo, ukaze kifundo, uondoe mkono, na picha ishuke polepole kwa uzito wa lenzi mpaka herufi ile iwe ukingoni. Nawe utalazimika kulenga juu ya shabaha yako kwa kukisia, jambo liudhilo na lipotezalo nuru ya jioni. Kichwa chema hubaki palepale ulipokiachia. Pia kina kifundo cha pili cha kupima ukinzani, ili tufe lisianguke ghafla likaipeleka lenzi ukutani, na cha tatu cha kuzungusha kamera kwa usawa bila kuligusa tufe. Ukipata tufe la milimita 30 au zaidi, lipendelee kuliko lililo dogo, kwa kuwa eneo linaloshikwa ni kubwa. Na kibao kinachofungwa chini ya kamera kiwe cha mtindo wa Arca-Swiss, wenye upana wa milimita 38 hivi, kwa sababu watengenezaji wengi wameufuata, na msafiri aliyepoteza kibao chake atapata kingine bila taabu.

Usiamini uzito ulioandikwa kwenye sanduku. Watengenezaji hawana mizani moja waifuatayo wote, na neno “kilo 8” laweza kuwa na maana kwamba miguu haitavunjika tu, wala si kwamba itatulia. Nenda dukani na kamera yako na lenzi yako nzito kuliko zote. Fungua miguu yote, kuza picha mara 10 katika kioo cha kamera, gonga lenzi kwa ncha ya kidole, na utazame mtetemo hufa baada ya muda gani. Kaza tufe, na uangalie kama picha inashuka. Kisha laza kamera ubavuni kwa picha ya wima, maana hapo uzito hutoka nje ya mhimili na udhaifu wote hudhihirika. Muuzaji akikataa jaribio hili, mshukuru na uende duka la pili.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni gharama. Ni gharama, lakini naona vijana wanaolipa mamilioni ya shilingi kwa kamera na lenzi, kisha wakaziweka juu ya kitu cha bei ya viatu, na picha zao za usiku wa Forodhani zikawa na ukungu ambao lenzi hulaumiwa kwa dhulma. Heri lenzi moja ipungue mfukoni.

Neno moja nawaelekezea walinzi wa magofu na majumba ya kale, ambao katika nchi nyingi huihesabu tripodi yoyote kuwa dalili ya biashara, wakaizuia mlangoni au kuidai ada ya wapiga filamu. Tripodi ya sentimita 130 haichukui nafasi kubwa, wala haikwaruzi sakafu ikiwa na nyayo za mpira. Mpiga picha aombe ruhusa, hasa penye msikiti unaosaliwa, ambapo wakati wa sala hauna mjadala. Naye mlinzi, akiisha kuona kwamba chombo ni kidogo na mwenyewe ana adabu, ampe saa yake moja mbele ya mihirabu.