Unataka msanii aseme? Basi usimwache kwa mataa

Kila mambo yakichacha nchini, unaingia mitandaoni na kuwauliza wasanii: "Mbona mmenyamaza?" Swali ni la haki. Lakini kuna lingine tunalolikwepa: msanii akisema kisha akose shoo, sisi mashabiki tutakuwa wapi?

Hebu tazama maisha ya Miriam Makeba, aliyezaliwa Johannesburg mwaka wa 1932. Mnamo 1960, akiwa Marekani, mamake alifariki. Alipotaka kurudi Afrika Kusini kumzika, akakuta pasipoti yake imefutwa. Hata hivyo, hakufyata ulimi. Mwaka wa 1963 alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa akaushtaki ubaguzi wa rangi. Serikali ya Makaburu ikapiga marufuku muziki wake.

Huko Marekani mambo yalikuwa shwari, kwanza. Mnamo 1966 alishinda Grammy pamoja na Harry Belafonte, kwa albamu iliyokuwa na "Malaika", wimbo ambao hata wewe umeuimba harusini. Kisha mwaka wa 1968 akaolewa na Stokely Carmichael, mwanaharakati wa haki za watu weusi aliyeogopwa na wakubwa. Ghafla, shoo zikafutwa. Waliompigia makofi jana wakampa kisogo. Ikabidi ahamie Guinea, na kwao hakurudi hadi 1990. Miaka 30, ndugu yangu! Si mchezo.

Mama Afrika hakuacha kuimba. Alifariki Novemba 2008 nchini Italia, muda mfupi baada ya kutoka jukwaani, katika tamasha la kumuunga mkono mwandishi Roberto Saviano aliyetishiwa na mafia. Alikuwa na miaka 76.

Tunampenda sana leo kwa sababu kumpenda hakutugharimu chochote. Msanii wa mtaani kwenu naye ana kodi ya nyumba na karo ya watoto. Akikataa pesa za mwanasiasa na kuimba yanayokuuma, kusambaza video yake pekee hakutamlisha. Nunua tiketi yake mwezi ule ambao wafadhili wamemkimbia. Mwalike, na umlipe. Ukimwachia mzigo peke yake, usishangae kesho ukimwona juu ya gari la kampeni akiimba sifa za mheshimiwa.