Pipi zisihukumiwe bila ushahidi

Oktoba 2009, jarida la British Journal of Psychiatry lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff uliotumia taarifa za Waingereza wapatao 17,500 waliozaliwa mwaka 1970. Kati ya waliobainika kufanya ukatili hadi umri wa miaka 34, asilimia 69 walikuwa wakila pipi na chokoleti karibu kila siku walipokuwa na miaka 10. Kwa wengine wote, kiwango kilikuwa asilimia 42. Vyombo vya habari vikazihusisha pipi na ukatili.

Msimamo wetu ni mmoja: utafiti huo haukuthibitisha kuwa pipi humfanya mtoto kuwa mkatili, na anayeuandika hivyo anapotosha umma.

Hiyo asilimia 42 yenyewe ni maelfu ya watoto waliokula pipi karibu kila siku na wakakua bila kufanya ukatili. Tena mtoto msumbufu ndiye anayepewa pipi haraka ili anyamaze. Huenda basi ukorofi ulitangulia na pipi zikafuata. Watafiti wenyewe walizingatia tofauti za malezi na mazingira, na bado hawakuilaumu sukari moja kwa moja. Walidokeza kuwa mtoto anayetulizwa kwa pipi kila mara huenda asijifunze kusubiri. Hilo ni suala la malezi.

Hata imani ya wazazi kuhusu sukari imewahi kupimwa. Mwaka 1994, watafiti wa Marekani waliwaita akina mama walioamini kuwa sukari huwachachamaza watoto wao. Watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari, lakini nusu ya akina mama wakaambiwa mtoto amepewa sukari nyingi. Hao ndio waliosema mtoto hatulii, wakamganda, wakamkosoa zaidi. Mwaka uliofuata, uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa katika jarida la JAMA haukuona kuwa sukari hubadili tabia za watoto.

Hatusemi chakula hakina athari. Mwaka 2007, watafiti wa Southampton waliwapa watoto vinywaji vyenye rangi za viwandani na kihifadhi cha sodiamu benzoeti, kisha vingine vinavyofanana navyo visivyo na kemikali hizo, bila familia kujua kipi ni kipi. Watoto walionekana kuchachamaa zaidi kwa vile vya kwanza, ingawa tofauti ilikuwa ndogo na haikuwa sawa kwa kila mtoto. Tangu Julai 2010, Umoja wa Ulaya unalazimisha vyakula vyenye yoyote kati ya rangi hizo sita kubeba onyo. Huo ni ushahidi wa jaribio, na sheria ina haki ya kuusikiliza.

Kwa hiyo mhariri yeyote, wa London au wa Dar es Salaam, anayeletewa habari ya aina hii aulize kabla ya kuichapisha: watoto walijaribiwa au walifuatiliwa tu? Nani alijua wamekula nini? Wangapi walikula hivyo hivyo na hawakudhuru mtu? Habari isiyojibu maswali hayo irudishwe kwa mwandishi. Ikichapishwa hivyo hivyo, mzazi atalaumiwa kwa kosa lisilothibitishwa, na mtoto mwenye pipi mdomoni atatazamwa kama mhalifu mtarajiwa. Wazazi wana sababu tosha ya kupunguza pipi: zinaozesha meno. Hilo limethibitishwa.