Sheria Haifyeki Miiba

Ndugu, tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, Uingereza, walipanda mlima Kinder Scout, uliofungwa ili matajiri wawinde ndege. Watano walitiwa jela. Sheria ya kuwaruhusu raia kutembea milimani ilipatikana mwaka 2000. Je, kazi imekwisha? Hata kidogo! Karatasi haifyeki miiba. Mpaka leo watu wa kujitolea ndio wanaoshika mundu, wakasimamisha vibao, wakatengeneza vivuko. Wanastahili sifa. Lakini wajibu wa njia ni wa halmashauri, nasi hatukubali ikae kitako kwa kutegemea jasho la wengine. Afyekaye Jumamosi, Jumatatu na apeleke barua barazani.