AFYA YA NYUMBANI: Mtoto Akiisha Kuzaliwa, Nani Aje Kumwona?

Mkulima wa chai wa Nyaramba akiisha kupanda miche kitaluni haendi zake akarudi baada ya wiki sita. Hupita kila asubuhi akatazama kivuli na unyevu, na mche ulionyauka huuona siku ile ile. Lakini mtoto mchanga, ambaye thamani yake haina kifani, mara nyingi huletwa nyumbani kutoka hospitali akiwa na umri wa siku moja tu, mlango ukafungwa, na jicho la mtu mwenye ujuzi lisimfikie tena mpaka siku ya chanjo ya wiki ya sita. Hatari kubwa imo katika siku hizo hizo, kwani katika watoto wafao kabla ya kutimiza siku 28, kama robo tatu hufa katika juma la kwanza.

Si kwamba akina mama hawaendi hospitali. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2008 na 2009 ilionyesha ya kuwa waliojifungulia hospitalini na katika vituo vya afya walikuwa 43 tu katika kila 100. Ile ya mwaka 2022 ilionyesha 82. Hata hivyo hesabu hiyo ya 2022 ilipata kwamba watoto 21 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya hawamalizi mwezi mmoja. Ni pungufu ya 31 wa hesabu ile ya kwanza, illa kwa mama aliyempoteza mmoja wa hao 21, nafuu hiyo ni maneno tu.

Kwa ajili ya hayo Shirika la Afya Duniani, pamoja na UNICEF, yalishauri mwaka 2009 kwamba mama na mtoto watembelewe nyumbani siku ya kwanza na siku ya tatu, na ikiwezekana tena kabla ya siku ya saba kwisha. Katika Kenya kazi hiyo huwaangukia wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao kila mmoja hutunza nyumba kama 100 za jirani zake. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilianza kuwagawia mikoba ya kazi wahamasishaji wapatao 100,000 nchi nzima, na ndani yake mna kipimajoto, mizani, na simu ya kuandikia habari za kila nyumba.

Mhamasishaji akiisha kukaribishwa hutazama kwanza kama mtoto ananyonya, na kama amepewa yale maziwa ya kwanza ya manjano, yaani dang'a, ambayo bibi wengine bado huyamwaga wakidhani ni machafu. Hutazama kitovu: kisipakwe majivu, wala udongo, wala samadi. Huhesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikifika 60 au zaidi, na akirudia kuhesabu akapata vile vile, mtoto hana budi kupelekwa hospitali, ijapokuwa kwa macho ya wenyeji amelala tu kwa utulivu. Vivyo hivyo mtoto aliyekataa ziwa, mwenye degedege, mwenye joto la mwili la 37.5 au zaidi, au ambaye viganja na nyayo zimegeuka manjano. Mama naye huulizwa kama damu inatoka kwa wingi, kama ana homa, au kama kichwa kinamwuma sana.

Jambo la baridi lastahili kusemwa peke yake, maana Nyaramba iko vilimani na usiku wake haufanani na wa Kisumu. Mtoto hana nguvu ya kujipasha moto. Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, na aliye mdogo sana awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wafunikwe. Moto wa kuni ndani ya nyumba iliyofungwa humpa moshi zaidi kuliko joto.

Kuna ugumu mmoja ambao wageni kutoka Nairobi hawautambui upesi. Abagusii wana desturi ya chinsoni, na baba mkwe haingii nyumba ya mkaza mwana wake. Ikiwa mhamasishaji ni mwanamume wa daraja la baba mkwe, atasimama uani, na habari atakazopata ni za kupokea kwa mama mkwe. Desturi hiyo haina haja ya kupigwa vita. Wahamasishaji huchaguliwa na wananchi wenyewe barazani. Basi siku ya kuchagua na iulizwe waziwazi ni nani awezaye kuingia katika nyumba gani. Wapo pia wanaomficha mtoto kwa hofu ya jicho la mgeni, na kwa hao yafaa mgeni awe yule yule aliyekuwa akija tangu mimba, asiwe uso mpya.

Je, ziara hizi huokoa kweli? Huko Gadchiroli katika Bara Hindi, wanawake wa vijijini walifundishwa kutembelea wazazi na hata kuwatibu watoto kwa dawa, na taarifa iliyotolewa mwaka 1999 ilionyesha vifo vya wachanga vilipungua kwa 62 katika kila 100. Lakini katika wilaya sita za kusini mwa Tanzania, ambako wageni walitoa mashauri tu, taarifa ya mwaka 2015 ilieleza kwamba akina mama walinyonyesha vema zaidi, ila vifo havikuonekana kupungua. Tofauti hiyo si ndogo. Shauri jema likimfikisha mtoto kwenye kituo kisicho na dawa wala hewa ya oksijeni, mgeni amefanya kazi bure. Tena mgeni mwenyewe, ambaye posho yake imewekwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kaunti na nusu kutoka serikali kuu, hawezi kupanda vilima kwa miezi mingi bila kulipwa.

Lililo mikononi mwa baba wa nyumba ni safari. Mhamasishaji akisema mtoto aende hospitali ya Ekerenyo usiku huo huo, si wakati wa kuanza kutafuta nauli. Fedha ziwekwe kando tangu mwezi wa saba wa mimba, na mwenye pikipiki aulizwe mapema bei yake ya usiku wa mvua, na kama simu yake huwa wazi.