Kati ya Katuni na Katoni

Likizo ya Agosti iliyopita nilitenda kosa ambalo naona si haki kulificha, hasa kwa kuwa wengi wanaosoma safu hii ni walimu na wanafunzi. Mpwa wangu, mvulana wa Gredi ya 8, alikuja kukaa nasi kwa majuma mawili. Jioni moja nilirejea kutoka kazini nikakuta upanga umeegemezwa ukutani sebuleni. Ulikuwa upanga mkubwa uliokaribia kimo cha mwenyewe, umepakwa rangi ya kijivu, na karibu na ncha yake palikuwa na tundu la mviringo. Ulikuwa wa katoni. Sakafuni palitapakaa vipande vya maboksi, gundi na magazeti yaliyoloa rangi. Vitabu vya shule havikuonekana.

Sikuuliza lolote. Nilimwamuru auondoe uchafu ule kabla sijaketi. Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, rangi haijakauka." Nikamwambia kwamba mtoto anayekaribia mtihani wa taifa hana wakati wa kuchezea maboksi. Kesho yake asubuhi gari la taka lilipopita, upanga ulikwenda nalo.

Ni dada yangu aliyenieleza baadaye kwa simu kwamba mtoto alikuwa ameutengeneza ili aende nao kwenye tamasha la mashabiki wa katuni jijini Nairobi, na kwamba alikuwa akiweka akiba ya kiingilio tangu muhula wa kwanza. Hakwenda. Alisema hawezi kwenda mikono mitupu.

Yumkini baadhi ya wasomaji hawajapata kuyaona matamasha haya. Ni mikutano ambapo wapenzi wa hadithi za michoro, filamu za katuni na hadithi za kubuni za kisayansi hukusanyika wakiwa wamevaa na kushika vitu vya wahusika wanaowapenda. Si jambo la jana. Mwezi Julai mwaka 1939, katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi uliofanyika New York, mashabiki wawili kutoka Los Angeles, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas, waliingia wakiwa wamevaa mavazi ya watu wa karne zijazo. Waliyaiga kutoka filamu ya mwaka 1936 iitwayo Things to Come na michoro ya magarida ya wakati huo. Mavazi yote mawili aliyashona Myrtle kwa mkono wake. Watu wa fani yangu watafurahi kusikia kwamba alikuwa mzungumzaji wa Kiesperanto, na kwamba lakabu aliyojulikana nayo, Morojo, aliiunda kwa herufi za lugha hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mjapani Nobuyuki Takahashi aliupa mchezo huo jina la kosupure. Alichukua maneno mawili ya Kiingereza, la mavazi na la mchezo, akakata kila moja na kuviunga vipande, sawa na sisi tulivyopata chajio kutokana na chakula cha jioni. Tangu mwaka 2003 mji wa Nagoya nchini Japani huandaa mashindano ya kimataifa ya fani hiyo. Hapa kwetu Nairobi imo NAICCON na mikutano mingine ya namna hiyo, na vijana wetu hujaa humo.

Sasa turejee kwenye upanga. Nilipomwuliza mpwa wangu jinsi alivyoutengeneza, nikiwa nimechelewa kuuliza, alinieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa ushahidi. Alichukua picha ya mhusika aitwaye Zabuza katika Naruto, hadithi ya Masashi Kishimoto iliyoanza kuchapishwa Japani mwaka 1999. Akapima kwa rula. Pichani mhusika alikuwa na kimo cha sentimita 12 na upanga wake sentimita 10. Yeye mwenyewe ana kimo cha sentimita 156. Kwa hiyo upanga wake ulipaswa kuwa na urefu wa sentimita 130. Huo ni uwiano, mada ambayo ripoti yake ya shule ilisema inamshinda.

Kisha alichora kiolezo kwenye magazeti, akakikata, akakilaza juu ya katoni ya jokofu na kukata tabaka tatu. Katoni ina mifereji midogo ndani yake. Ukiikunja kwa kuifuata mifereji hujikunja upesi, ukiikunja kwa kuikingama hukataa. Hilo alilijua baada ya upanga wake wa kwanza kupinda katikati. Katika upanga wa pili akaligeuza tabaka la kati ili mifereji yake ikingamane na ya tabaka zile mbili, akatia na ufito wa mwanzi uliopasuliwa uwe uti wa mgongo. Hivyo ndivyo plaiwudi inavyotengenezwa, ingawa hakuna aliyemfunza. Kingo akazifunika kwa vipande vya karatasi vilivyolowekwa katika uji wa unga wa ngano, akasubiri vikauke, akapiga msasa, ndipo akapaka rangi.

Alinieleza pia kwamba wenzake wenye uzoefu zaidi hutumia sponji ngumu, ile ya mikeka ya kuunganisha ambayo watoto huchezea sakafuni. Ukiipasha moto hulegea, na ukiikunja na kuishikilia hadi ipoe, hubaki na umbo ulilolipa. Hiyo ndiyo hutengenezewa deraya na kofia za chuma zisizo na chuma. Kandambili nyingi tunazovaa bafuni zimetokana na malighafi ya aina hiyo hiyo, na hapa nchini kuna mafundi wanaozichonga kandambili zilizookotwa katika fuo za pwani wakapata twiga na kasa. Watalii huwanunulia, nasi huwasifu kwa kugeuza taka kuwa mali. Mimi nilifanya kinyume chake.

Maneno haya mawili, katuni na katoni, hutofautiana kwa irabu moja tu, na hilo si jambo la bahati. Asili ya yote mawili ni neno la Kiitaliano cartone, yaani karatasi nzito. Zamani wachoraji wa Italia walipotaka kupamba ukuta, walichora kwanza mchoro wa ukubwa kamili kwenye karatasi nzito, wakatoboa matundu madogo kufuata mistari yake, kisha wakapitisha vumbi la makaa ili mistari ihamie ukutani. Mchoro ukaitwa kwa jina la karatasi yake. Maana ya mchoro wa kuchekesha ilizuka Uingereza mwaka 1843, jarida la Punch lilipoikejeli michoro mikubwa iliyokuwa ikishindaniwa kupamba jengo jipya la Bunge mjini London. Kwa njia nyingine, kupitia Kifaransa, neno lile lile likawa jina la boksi.

Basi katuni kwa asili yake ni kiolezo, mchoro unaochorwa ili kitu kingine kipate kutengenezwa. Mtoto yule, bila kujua, alikuwa ameirejesha katuni kwenye katoni. Nami mwenye shahada ya uzamifu katika isimu niliona takataka.

Ninayo sababu ya pili ya kuona haya. Mimi ni zao la mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na katika shule ya msingi tulikuwa na somo la Sanaa na Ufundi. Nikiwa darasa la saba tuliagizwa kila mmoja achonge mwiko, tukapewa majuma matatu. Siku moja kabla ya kuuwasilisha nilikwenda sokoni nikanunua mwiko, nikausugua kwa mchanga ili usionekane mpya mno, nikaandika jina langu kwenye mpini. Nilipata alama 8 kwa 10. Jirani yangu darasani aliyeuchonga wake kwa mkono wake, nao ukatoka umepinda, alipata 4. Mwalimu hakutuuliza swali hata moja.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, ulikusudiwa kuyakomesha mambo kama hayo. Unamtaka mtoto atende, si akariri tu. Lakini mzazi yeyote anajua yanayotokea usiku wa mwisho kabla ya kazi kuwasilishwa. Baba anakata maboksi, mama anabandika, na mtoto amelala fofofo. Penye fedha kazi hununuliwa ikiwa tayari. Kisha mtoto yule yule, wakati wa likizo, bila kuagizwa na mtu na bila kutarajia alama, hukesha akitengeneza kitu kwa mikono yake, nasi humnyang'anya. Tunamtuza kwa kile asichokitengeneza na kumwadhibu kwa kile alichokitengeneza.

Linganisha na mashindano ya Nagoya. Huko mshindani hutakiwa kuingia na vitu alivyotengeneza mwenyewe. Katika mashindano mengi ya fani hii waamuzi hukikagua kifaa kwa karibu, wakatazama mishono na kingo, na wakamwuliza mwenye nacho alivyokitengeneza. Aliyenunua hugunduliwa papo hapo, kwa kuwa hana la kusema. Swali hilo moja lingetosha kuuumbua mwiko wangu.

Najua hoja za wanaopinga, maana zote nimewahi kuzitoa mimi mwenyewe. Wapo wasemao kwamba vifaa hivi hufunza vurugu. Matamasha mengi hayaruhusu silaha ya kweli wala kitu chenye makali, na vifaa hukaguliwa mlangoni. Fundi hulazimika kutengeneza kitu kionekanacho kizito kumbe ni chepesi, kionekanacho kikali kumbe hakikati. Mtoto aliyejifunza hayo amejifunza usanii wa jukwaani.

Wapo pia wasemao kwamba huu ni utamaduni wa kigeni. Hadithi ni ya kigeni, sikatai. Lakini kutengeneza umbo la kiumbe wa hadithi na kulivaa mbele ya watu hatukufunzwa na Mjapani wala Mmarekani. Wamakonde, waliotambuliwa rasmi mwaka 2017 kuwa kabila la 43 la Kenya, wana ngoma ya mapiko ambamo vinyago huvaliwa kichwani kama kofia. Vinyago hivyo huchongwa kwa mti mwepesi na kukombwa ndani hadi viwe vyembamba, kwa sababu mchezaji hana budi kucheza navyo. Mchongaji wa mapiko na mtoto mwenye katoni wangeelewana upesi. Aidha, wanafunzi wetu wa fasihi simulizi hufunzwa neno maleba na kuulizwa umuhimu wake katika mtihani. Ni ajabu kumfunza mtoto faida tano za maleba, kisha kumkemea akiyatengeneza.

Hoja ya tatu, ya wakati unaopotea, ina ukweli ndani yake. Vitabu vya mpwa wangu kweli havikuonekana siku ile. Lakini dawa ya hilo ilikuwa kumpangia saa za kusoma na saa za kazi yake. Gari la taka halikumfanya afungue kitabu.

Liko jambo jingine lililonigusa nikiwa mwalimu wa lugha. Aliponieleza kazi yake, kila kifaa na kila hatua alivitaja kwa Kiingereza, kwa kuwa maelekezo yote aliyoyapata yalikuwa katika lugha hiyo. Nilimpeleka kwa fundi seremala wa mtaani kwetu. Kwa nusu saa wakazungumza juu ya kiolezo, ukingo, kiungo, kuchanja ubao usikatike, kupiga msasa kwa kuufuata ubao. Msamiati ulikuwapo muda wote, ila mtoto hakuwahi kukutanishwa na wenyewe. Hatuna sababu ya kungoja kamati ituundie istilahi ambazo seremala, fundi viatu na mshonaji wanazitumia kila siku.

Kwa hiyo nina maombi machache. Mwalimu anayemkuta mwanafunzi na upanga wa katoni au kofia ya sponji, kabla hajaichukua, amwulize alivyoitengeneza. Walimu wa Kiswahili wanaofunza uandishi wa maelekezo wampe mwanafunzi nafasi ya kuandika jinsi ya kutengeneza kitu alichokitengeneza kweli, badala ya kuandika kila mwaka jinsi ya kupika chai. Wanaosahihisha kazi za mikono wasitoe alama hata moja kabla ya mtoto kuieleza kazi yake kwa kinywa chake.

Nanyi wanafunzi, malizeni kazi ya shule kwanza ili msitupe sababu. Anzeni na maboksi, maana hayana bei. Gundi ya fundi viatu itumieni nje au penye madirisha wazi, kwani mvuke wake una madhara, na sponji msiipashe moto bila mtu mzima kuwapo. Na msinunue mwiko sokoni. Nilipewa alama 8 zaidi ya miaka 30 iliyopita, na hadi leo sijui kuchonga mwiko.

Mpwa wangu nimemwomba radhi. Amenijibu kwamba tamasha jingine litakuja, na akaniomba nimtafutie katoni ya jokofu. Nimekwisha kuipata, nayo imeegemezwa ukutani pale pale sebuleni ulipokuwa upanga.