Kidoa cha Wayoni Kisidharauliwe

Mzee mmoja mkulima wa mpunga, tukiwa tumeketi chini ya mwembe si mbali na Garsen, alinionyesha wayo wake. Palikuwa na kidoa cheusi, ukubwa wake kama punje ya mahindi, kingo zake zimepindapinda. Kwa miaka miwili aliamini kuwa ni kovu la mwiba wa mathenge. Mwiba huo, sisi wa Tana River twaujua, haumsamehi atembeaye miguu mitupu. Na wayo uchomwao kila siku, nani atatofautisha kovu lake na maradhi?

Sitaki kumtia mtu hofu. Vidoa vya ngozini karibu sote tunavyo. Hutokea pale seli zinazoipa ngozi rangi yake zinapokusanyika mahali pamoja. Kimoja kikikaa shavuni huitwa kidoti na mwenyewe husifiwa kwa uzuri. Vilivyo vingi havimdhuru mtu maisha yake yote, wala hakuna haja ya kuviondoa.

Ninalolalamikia ni jinsi tunavyolifundisha jambo hili. Mwanafunzi huambiwa kwamba saratani itokanayo na seli hizo, melanoma, huletwa na jua kali na huwapata Wazungu. Basi hufunga kitabu akastarehe. Ni kweli ngozi nyeusi hutukinga sana na jua (ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo, nao wahitaji kofia na mafuta maalumu). Lakini inapotupata sisi, mara nyingi huota mahali ambapo jua halifiki: nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Bob Marley aligunduliwa kuwa nayo mwaka 1977, chini ya ukucha wa kidole cha mguu, mahali palipodhaniwa kuwa na jeraha la kandanda tu. Alifariki Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: watumeni wanafunzi wakaangalie nyayo zao na za wazee wao. Kidoa kipya cha wayoni, au cha popote kinachopanuka, kilichochanganya rangi, ambacho upande mmoja haufanani na mwingine, kinachowasha au kutoka damu, kionwe na daktari upesi. Mistari myembamba katika kucha kadhaa ni kawaida kwetu. Mmoja unaozidi kupanuka katika ukucha mmoja si kawaida. Daktari akikikata kidoa, kipande hicho kipimwe maabara. Kukifunga uzi, kukikwangua kwa wembe au kukichoma kwa maji ya betri ni kuondoa kinachoonekana na kuacha maradhi yaendelee ndani.

Mzee yule alitaka kusubiri mpaka mpunga uvunwe. Tulibishana hadi jua likachwa. Asubuhi yake alipanda gari la Malindi.